Saa Njema na Nguvu za Nyota: Uhakiki wa Lugha ya Unajimu katika Kiswahili

I

Safu ndogo ya nyota iliyomo katika kurasa za ndani za magazeti yetu husomwa hata na mtu asiyesoma tahariri wala shairi. Husomwa kwa haraka, na pengine kwa mzaha, lakini husomwa. Na siku hizi imehamia katika redio na simu, ambako msikilizaji huambiwa kila asubuhi ni nguvu gani za mbinguni zitawalazo siku hiyo, na azitumieje. Mhakiki wa fasihi huona haya kuigusa, kwa kuwa si shairi wala hadithi. Mwanachuoni wa dini huipinga bila ya kuichambua, kwa kuwa kwake yatosha kwamba ni utabiri. Baina ya hao wawili imebaki bila ya mtu wa kuiuliza swali ambalo kila maandishi ya Kiswahili hayana budi kuulizwa: je, yasema nini, na yasema kwa lugha gani?

Nakusudia kuliuliza swali hilo hapa. Sitajishughulisha na kuthibitisha kwamba nyota haziongozi ndoa wala biashara zetu. Ibn Khaldun aliichambua elimu hiyo na kuikataa katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, na elimu ya leo haikumkanusha. Nitakalo kuonyesha ni jambo jingine: kwamba katika Kiswahili kuna lugha mbili za unajimu, ya kale na ya sasa, zitumiazo majina yale yale lakini zisizosema jambo moja, na kwamba ile mpya, ijapokuwa yaonekana ya upole na ya kistaarabu zaidi, ni duni kuliko ya kale kwa sarufi yake, kwa msamiati wake, na kwa yale imfanyiayo msomaji.

II

Mwambao wa Afrika ya Mashariki uliipokea elimu ya falaki kutoka kwa Waarabu na Waajemi, ambao nao walikuwa wameipokea sehemu yake kubwa kutoka kwa Wayunani na Wahindi. Msingi wa hesabu ya saa ni sayari saba za kale, zikipangwa kwa mwendo wake kuanzia ile iendayo polepole kuliko zote: Zohali, Mushtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi na Mwezi. Kila saa ina sayari yake, na baada ya saa ya saba gurudumu hurudi mwanzo. Saa za usiku na mchana ni 24; ukizigawa kwa 7 hubaki 3; kwa hiyo mtawala wa saa ya kwanza husogea hatua tatu kila kunapokucha. Jumapili huanza kwa Jua. Hesabu hatua tatu, Zuhura, Utaridi, Mwezi: basi Jumatatu huanza kwa Mwezi. Kwa njia hiyo hiyo Jumanne ni ya Mirihi, Jumatano ya Utaridi, Alhamisi ya Mushtari, Ijumaa ya Zuhura, na Jumamosi ya Zohali.

Mfaransa amelihifadhi gurudumu hili katika majina ya siku zake nyingi. Mswahili hakulihifadhi, kwa kuwa siku zake zahesabiwa kwa nambari kuanzia Jumamosi, hata tano ikatokea mara mbili, kwanza katika Jumatano kwa Kibantu na kisha katika Alhamisi kwa Kiarabu. Aliyetaka kujua mwenye siku alipaswa kujifunza kwa moyo. Lakini Mswahili anacho kitu ambacho Mfaransa hana, nacho ni saa yake. Saa za falaki huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa za Kiswahili kadhalika. Mtu wa Unguja asemapo kwamba ni saa moja ya asubuhi, maana yake saa ya kwanza ya mchana imekwisha, na saa hiyo ndiyo ya mwenye siku. Ifikapo saa saba, huanza saa ya nane, na mwenye siku amerudi tena.

Tena Unguja iko karibu na ikweta, hata urefu wa saa hizo za mchana haupishani na dakika 60 kwa zaidi ya dakika 3 mwaka mzima. London, ambako mchana wa Disemba ni mfupi mno na wa Juni ni mrefu mno, saa ya namna hiyo huwa kama dakika 39 wakati wa baridi na kama dakika 83 wakati wa joto. Mnajimu wa huko hana budi kupiga hesabu mpya kila siku. Wa kwetu aliitazama saa ya ukutani, ikatosha. Sisemi kwamba saa ya Kiswahili ilibuniwa kwa ajili ya falaki. Nasema kwamba falaki ilipofika pwani iliikuta lugha ambayo ilikwisha kuiandalia nafasi.

Sasa tuitazame sentensi iliyozaliwa na elimu hiyo. Mifano hii nimeitunga mwenyewe kwa kufuata kawaida ya wazee: *Saa ya Zuhura yafaa kufunga ndoa. Siku ya Zohali haifai kutweka.* Kiima cha sentensi ni wakati. Kitenzi ni *kufaa*, ambacho hakimtaji mtu yeyote. Kinachofuata ni tendo. Hayo matatu ndiyo yote: wakati, kufaa, na tendo. Sayari mbili, Mushtari na Zuhura, zilihesabiwa kuwa saadi, moja kubwa na moja ndogo. Mbili, Zohali na Mirihi, zilihesabiwa kuwa nuhusi, ambalo ndilo neno lililotupa *nuksi* ya kila siku. Na zilizosalia zilikuwa na hukumu za kati. Lakini saadi hiyo na nuhusi hiyo vilikuwa ni sifa za saa. Mwenye jahazi na hamali wake, bwana arusi na mpiga ngoma, wote walikuwa chini ya saa moja, na saa hiyo ilikuwa na mwanzo na mwisho uliojulikana.

Vitenzi vilivyoambatana na elimu hiyo navyo vyafaa kuangaliwa. Wazee husema *kupiga falaki*, kama vile husemavyo *kupiga hesabu* na *kupiga ramli*. Nayo ni kazi ya mtu mwenye ujuzi. Husema *kutazamia*, nayo ni kazi ya mwenye haja aendaye kuuliza. Na husema *kungojea saa*. Katika vitenzi vyote hivyo mwanadamu ni mwenye kuhesabu, mwenye kuuliza, au mwenye kusubiri. Hakuna hata kimoja kisemacho kwamba mwanadamu huitumia nyota.

III

Nisidhaniwe kwamba naisifu elimu hiyo. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kushikwa na homa kali Ijumaa jioni. Mwalimu mmoja aliyeaminika mtaani akasema kwamba kesho yake ni siku ya Zohali, haifai kuanza safari. Basi akalazwa nyumbani mpaka Jumapili, ndipo akapelekwa hospitali. Alipona. Lakini hakuna ajuaye siku ile moja ilimgharimu nini, na si kila mgonjwa angalipona. Mwalimu yule hakukosea hata kidogo katika hesabu yake. Kosa lilikuwa katika ile dhana ya kwamba hesabu hiyo ina neno la kusema juu ya homa.

Zaidi ya hayo, elimu ya kale ilikuwa na upande wake uliomgusa mtu binafsi, na huko ndiko mwanaisimu aonako ufa ulio mkubwa. Nyota ya mtu haikutafutwa kwa tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa wengi hawakuijua. Ilitafutwa kwa jina. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika hesabu ya abjadi. Jina la mtu na jina la mama yake hujumlishwa, jumla hugawanywa kwa 12, na baki ndiyo inayoonyesha burji, kuanzia Hamali mpaka Hutu. Kwa jina la Kiarabu njia hii haina taabu nyingi. Musa ni mimu 40, wau 6, sini 60 na ya 10, jumla 116. Mama yake Mariamu, kwa maandishi ya Kiarabu, ni 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Zote pamoja ni 406. Gawanya kwa 12, hubaki 10. Burji ya kumi ni Jadi, yaani Mbuzi.

Lakini mtoto wa pili wa mama huyo ni mwanamke, naye aitwa Pili. Herufi ya *p* haimo katika abjadi. Mwandishi wa pwani aliiandika kwa herufi ya *b*, yenye thamani ya 2, na irabu zake aliweza kuzionyesha kwa alama ndogo zisizohesabiwa, au kwa herufi ya *ya* inayohesabiwa 10 kila itokeapo. Kwa njia ya kwanza Pili ni 2 na 30, jumla 32. Ukiongeza 290 za mama wapata 322, na baki ni 10: Pili ni Mbuzi kama kaka yake. Kwa njia ya pili Pili ni 2 na 10 na 30 na 10, jumla 52. Ukiongeza 290 wapata 342, na baki ni 6: Pili ni Sumbula, yaani Mashuke. Mtu ni yule yule, mama ni yule yule, na mbingu ni zile zile. Kilichobadilika ni mkono wa mwandishi.

Mfano huu wamtosha mtu wa isimu. Tahajia ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu haikuwa na kanuni moja, na kila mahali ilipoyumba, nyota ya mwenye jina iliyumba pamoja nayo. Majina ya Kibantu, ambayo ndiyo yetu zaidi, ndiyo yaliyoumia zaidi. Lakini tuitambue sifa moja ya njia hii yenye kosa: yaweza kukaguliwa. Mtu aliyeambiwa kwamba nyota yake ni Mbuzi aliweza kuuliza jina lake liliandikwaje, akapewa jibu, akahesabu mwenyewe, akakataa. Elimu iwezayo kukutwa na kosa bado ni aina ya elimu, hata ikiwa imekosea.

IV

Safu ya gazeti haina asili hiyo. Asili yake ni Uingereza, na si ya zamani. Sheria ya huko ya mwaka 1824 juu ya wazururaji iliwahesabu wapiga ramli wa kila namna kuwa ni wakosaji. Alan Leo, aliyekuwa mnajimu mashuhuri wa London, alishtakiwa mwaka 1914 akaachiliwa, kisha akashtakiwa tena mwaka 1917 akatozwa faini. Naye alifariki mwaka huo huo. Yeye ndiye aliyefanya juhudi kubwa kuuhamisha unajimu kutoka katika kutaja matukio hata ukawa ni kueleza tabia na mielekeo ya mtu, akiipa nafasi ya kwanza burji ambayo jua lilikuwamo siku ya kuzaliwa. Mwezi wa Agosti 1930 R. H. Naylor aliandika katika gazeti la *Sunday Express* juu ya nyota ya binti wa kifalme Margaret, aliyekuwa amezaliwa siku chache kabla; wasomaji wakapendezwa, na katika miaka iliyofuata safu ya burji kumi na mbili ikawa ni desturi ya magazeti ya huko, na baadaye ya dunia nzima.

Asili hii yaeleza tabia ya lugha yake. Anayesema kwamba siku ya Zohali haifai kutweka amesema jambo ambalo bahari yaweza kulikanusha jioni ile ile. Anayesema kwamba leo kuna mwelekeo, mvuto, au nguvu, hakusema lolote liwezalo kukanushwa, wala mbele ya hakimu, wala mbele ya msomaji. Lugha ya namna hiyo ilipofika kwetu haikutafsiriwa na watu wa falaki. Ilitafsiriwa kwa kazi ya kila siku ya chumba cha habari, na alama za haraka hiyo zaonekana.

Chukua jina la burji ya kwanza. Kwa Kiarabu ni *hamal*, yaani mwana-kondoo. Magazeti yetu huiita Punda. Kondoo amegeukaje punda? Kwa maoni yangu jibu limo katika sauti. Kiarabu kina neno jingine, lenye *m* iliyokazwa na *a* iliyovutwa, ambalo ni mchukuzi wa mizigo, na ndilo lililotupa *hamali* wa bandarini. Kiswahili hakitofautishi *m* hizo mbili wala irabu hizo. Yakabaki maneno mawili katika umbo moja, na lile lililojulikana zaidi likalimeza lisilojulikana. Mnyama achukuaye mizigo ni nani kama si punda? Matokeo yake ni kwamba msomaji wetu husifiwa kwa ujasiri na uongozi, sifa ambazo wanajimu wa Ulaya humpa kondoo dume, chini ya jina la mnyama ambaye katika methali zetu ana shukrani ya mateke. Hapana mtu aliyeligundua kosa hilo kwa kupotewa na bahati yake, na hilo nalo ni ushahidi wa kiasi cha ukweli uliomo.

Tarehe nazo zina kasoro yake. Safu husema kwamba jua huingia katika burji ya kwanza Machi 21. Ilikuwa hivyo, kwa nyota zionekanazo kwa macho, yapata miaka 2000 iliyopita. Kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole, Machi 21 ya siku hizi hulikuta jua mbele ya nyota za Hutu, yaani Samaki. Wanajimu wa Ulaya hujibu kwamba burji zao ni vipande vya duara na wala si nyota zenyewe. Jibu hilo lina mantiki kwa lugha yao. Kwa Kiswahili halina, kwa kuwa sisi hatukusema burji. Tumesema *nyota yako*, na nyota hiyo haipo pale gazeti linapoionyesha.

Lakini kasoro iliyo kubwa ni ya sarufi. Nitatunga tena mfano, kwa kufuata kawaida ya safu hizo: *Leo nguvu za Zuhura zinakupa mvuto, zitumie katika mambo ya mapenzi, lakini jihadhari na watu wa karibu.* Angalia kiima: si wakati tena, ni nguvu. Angalia kiambishi *-ku-*: sasa yupo mtu ndani ya kitenzi, naye ni mmoja. Safu husomwa na maelfu, na kwa hesabu ya gazeti lenyewe kila burji ina takriban mtu mmoja katika kila kumi na wawili. Lakini *-ku-* humfanya kila mmoja wao asikie kwamba ameitwa kwa jina. Kisha angalia *lakini*: nusu ya kwanza humpa msomaji heri, nusu ya pili humpa hofu, na jioni likimpata lolote kati ya hayo mawili, safu imesema kweli. Mwisho angalia kwamba hakuna saa. Nguvu hizo zaanza lini? Zakoma lini? Sentensi haina mlango wa kutokea.

Na nini maana ya *kutumia nguvu*? Muulize Mswahili yeyote ambaye hajasoma safu hizo. Atakuambia kwamba mtu aliyetumia nguvu ni mtu aliyevunja mlango, au aliyempokonya mwenziwe haki yake. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja yamekwisha kuwa na maana katika lugha yetu, na maana hiyo ni ya ubavu. Wengine hujaribu kujiokoa kwa kusema *nishati*, neno ambalo shule zetu zimelipa kazi yake katika fizikia, kazi iwezayo kupimwa kwa kipimo. Nishati ya umeme ina kipimo. Nishati ya Zuhura katika mambo ya mapenzi haina. Mwalimu wa fizikia atakayemfundisha mtoto neno hilo kesho atakuta limekwisha kuharibiwa leo.

V

Kiswahili kilikuwa na maneno yake kwa jambo hili, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Falaki ya kale haikusema nguvu. Ilisema *tabia* na *athari*. Burji kumi na mbili ziligawanywa katika tabia nne: moto kwa Hamali, Asadi na Kausi; udongo kwa Thauri, Sumbula na Jadi; hewa kwa Jauza, Mizani na Dalu; maji kwa Saratani, Akarabu na Hutu. Tabia ilikuwa ni maumbile ya kitu, kiwe ni nyota, dawa, au mwanadamu. Neno hilo bado tunalo, na bado lasimama pande zote mbili: twasema *tabia ya mtoto*, na twasema *tabia ya nchi* tukikusudia joto lake na mvua yake. *Athari* nayo, ambayo asili yake ni alama iachwayo na kitu kilichopita, kwetu imeelekea upande wa madhara. Maneno hayo mawili yana historia ya fikra ndani yake. Tukiyaacha tukashika *nguvu*, hatukupata neno jipya. Tumepoteza mawili ya zamani.

Na hasara haiishii hapo. Katika kuufukuza unajimu kwa jina la elimu, au kuuacha ugeuke mchezo wa magazeti, tumekuwa tukiitupa pamoja nao hesabu ya wakati ambayo haikuwa utabiri hata kidogo. Mwaka wa Nairuzi ulikuwa na siku 365, ukigawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Kwa miongo hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na nahodha alijua wakati wa kaskazi kuisha na kusi kuanza. Kwa kuwa mwaka huo hauongezwi siku, huteleza siku moja kila miaka minne, yaani kama siku 24 kwa karne. Ndiyo sababu Nairuzi iliyokuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti katikati ya karne ya 19 sasa huangukia Julai, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi huadhimishwa mwezi huo. Wageni huja kutazama watu wakipigana kwa migomba na nyumba ndogo ya makuti ikichomwa moto. Ni wachache waulizao kwamba leo ni mwongo wa ngapi.

Vivyo hivyo Kilimia. Jina lenyewe latokana na kulima, na methali yasema: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Pwani, kundi hilo la nyota hupotea jioni upande wa magharibi katika masika, na huonekana tena alfajiri upande wa mashariki mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimepungua. Nusu ya mwisho ya methali ni habari iliyopatikana kwa kutazama, na yeyote mwenye macho na subira aweza kuihakikisha. Huko nako ni kusoma nyota. Lakini msomaji wake haambiwi yeye ni nani, aambiwa wakati ni upi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa wenzangu. La kwanza ni la watunga kamusi: tutenganishe waziwazi *falaki*, ambayo ni hesabu ya mienendo ya jua, mwezi na nyota, na *unajimu*, ambao ni kutoa hukumu za bahati kwa hesabu hiyo. Watu wa zamani waliyachanganya kwa kuwa mtu mmoja alizifanya kazi zote mbili. Sisi hatuna udhuru huo, na shule zinahitaji jina safi la elimu safi. La pili ni la wakusanyaji: tuwaendee wazee wa Unguja, Pemba, Lamu, Mafia na pwani ya bara wakiwa bado hai, tuwaulize majina ya miongo, ya pepo, na ya nyota za kuongozea vyombo, na tusiwadharau kwa sababu katika daftari hilo hilo kuna ukurasa wa nuhusi na saadi. Tuunakili nao, kwa kuwa ni historia ya fikra, bila ya kuuamini.

La tatu ni la wahariri. Siwaombi waifute safu ya nyota; najua ni nani amlipaye mpiga chapa. Nawaomba waihariri kama waharirivyo maandishi mengine. Wamrudishe kondoo mahali pake. Waliache neno la nishati kwa walimu wa fizikia. Na kila sentensi inayomwambia msomaji kwamba leo kuna nguvu juu yake, waiulize swali moja ambalo mwalimu yule wa mtaani, pamoja na kosa lake lote, aliweza kumjibu shangazi yangu: mpaka lini? Aliambiwa mpaka Jumapili, na ilipofika Jumapili alichukuliwa akapelekwa. Msomaji wa safu hana Jumapili yake. Kila asubuhi huambiwa upya, na kila asubuhi hungoja.

Haya ni maoni ya mtu mmoja, na huenda wenye falaki wakaona nimekosea katika hesabu au katika istilahi. Nitafurahi kusahihishwa, kwa kuwa kusahihishana juu ya jambo hili kutakuwa kumekwisha kulitoa katika kurasa za ndani na kulirudisha katika elimu.